Kabla Kifurushi Hakijaingizwa: Ushauri kwa Watengenezaji wa Mifumo ya Kompyuta Karagwe na Kyerwa

Swali linalorudi

Vijana wanaotengeneza mifumo ya kompyuta kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika, shule, maduka ya dawa na vikundi vya kuweka na kukopa, kuanzia Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda na Rubwera, wamekuwa wakiuliza swali moja kwa namna mbalimbali: ikiwa vifurushi vya programu huria, ambavyo hupakuliwa bure na kutumiwa na dunia nzima, vinaweza kubeba msimbo hasidi, mtu asiye na muda wala utaalamu wa kuvisoma mstari kwa mstari atajikinga vipi? Jibu ni kwamba vinaweza kuubeba, na vimeubeba mara nyingi, lakini sehemu kubwa ya kinga haitokani na kusoma kila mstari bali inatokana na kuacha pupa: kutovuta toleo lililotoka leo, kutoiachia kompyuta ichague toleo yenyewe, na kutoweka funguo za siri mahali ambapo mgeni yeyote anayeingia ataziokota.

Programu huria ni programu ambayo msimbo wake, yaani maelekezo yaliyoandikwa na binadamu ili mashine iyatekeleze, umewekwa wazi ili yeyote ausome, autumie na aurekebishe. Si jambo geni katika ukanda huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Mwaka huohuo ilianza kazi ya OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliokulia Eldoret, Kenya. Na takwimu ambazo vituo vya afya vya Karagwe na Kyerwa hutuma wizarani hupita katika mfumo uliojengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo. Kwa hiyo anayeshauri watu waachane na programu huria anashauri lisilowezekana.

Kifurushi, katika makala haya, si bando la intaneti. Ni kipande cha msimbo kilichofungwa pamoja na kuwekwa katika ghala la umma, kama vile npm kwa wanaoandika JavaScript au PyPI kwa wanaoandika Python, ili wengine wakichukue badala ya kuandika upya. Anayetaka mfumo wake umtumie mkulima ujumbe wa kilo za kahawa alizopeleka haandiki msimbo wa ujumbe mwanzo hadi mwisho. Huchukua kifurushi kama kile cha Africa's Talking na kuongeza mistari michache yake. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba kifurushi kimoja huvuta vingine, navyo huvuta vingine, hata mfumo mdogo wa chama cha msingi ukawa na mamia ya vifurushi ambavyo aliyeutengeneza hajawahi hata kusoma majina yake.

Madhara huanza wakati wa kuingiza

Kosa la kwanza la kufikiri ni kudhani kwamba kifurushi kibaya hakidhuru mpaka kitumike. Ghala la npm huruhusu kifurushi kije na amri zinazojiendesha zenyewe wakati wa kuingizwa, na baadhi ya vifurushi vya Python huendesha faili la maandalizi kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo mtu anayeandika "npm install" na kubonyeza kitufe huwa ameshamruhusu mgeni kutenda ndani ya kompyuta kwa mamlaka yaleyale aliyonayo mwenyewe.

Anachokitafuta mgeni huyo mara nyingi si picha wala barua. Karibu kila mfumo una faili dogo liitwalo ".env", ambalo ndani yake huwekwa nenosiri la hifadhidata, ufunguo wa huduma ya ujumbe mfupi na, kwa mifumo inayopokea fedha, ufunguo wa malipo ya simu. Faili hilo mara nyingi huwa na mistari michache tu, na kulisoma na kulituma nje ni kazi ya chini ya sekunde moja.

Njia ambazo uovu hupitia

- Jina la kufananishwa. Mwaka 2017 kiligunduliwa katika npm kifurushi kiitwacho crossenv, kikimvizia aliyekusudia cross-env akasahau kistari, nacho kilikuwa kikiiba funguo zilizomo katika mazingira ya kompyuta. Mwaka 2019 kiligunduliwa katika PyPI kifurushi jeIlyfish, ambacho herufi yake ya tatu haikuwa "l" ndogo bali "I" kubwa, na kilikuwa kimekaa humo karibu mwaka mzima.
- Kuibwa kwa akaunti ya mtunzaji halali. Hii ndiyo njia ya hatari zaidi kwa sababu jina ni sahihi na sifa ni za kweli. Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa vifurushi mashuhuri, vikiwemo chalk na debug, alihadaiwa kwa barua pepe iliyojifanya imetoka npm, na wezi wakatoa matoleo mabaya ya vifurushi 18 ambavyo kwa pamoja vilikuwa vikipakuliwa zaidi ya mara bilioni 2 kwa juma.
- Kurithishwa kwa mgeni. Mwaka 2018 mtunzaji wa kifurushi event-stream, aliyekuwa amechoka na kazi asiyolipwa, alikikabidhi kwa mtu aliyejitolea kumsaidia. Mtu huyo akaongeza kifurushi kingine kilicholenga kuiba fedha za kidijitali za watumiaji wa pochi ya Copay.
- Barua pepe iliyokufa. Kifurushi ctx cha Python kilitekwa mwaka 2022 baada ya jina la tovuti lililobeba anwani ya mtunzaji kuisha muda wake na kununuliwa na mtu mwingine.
- Jina lililobuniwa na akili mnemba. Programu za kuandika msimbo kwa kuulizwa hutaja wakati mwingine vifurushi visivyokuwepo, na mwenye nia mbaya huweza kulisajili jina hilo kabla ya wengine. Mtafiti mmoja alisajili jina la namna hiyo, huggingface-cli, likiwa tupu bila madhara, na ndani ya miezi mitatu likapakuliwa zaidi ya mara 30,000.
- Mdudu anayejisambaza. Septemba 2025 alizuka Shai-Hulud, aliyekuwa akiiba funguo za mtunzaji mmoja na kuzitumia kuambukiza vifurushi vyake vyote, kisha akahamia kwa mwingine, hadi vifurushi zaidi ya 500 vikaathirika. Wimbi la pili lilikuja Novemba mwaka huohuo.

Tukio la xz linastahili nafasi yake. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili inayopatikana katika karibu kila Linux, na mtu aliyejiita Jia Tan aliisaidia kwa zaidi ya miaka miwili, kwa adabu na kwa kazi nzuri, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 aliweka mlango wa uani, yaani njia ya siri ya kuingilia katika seva bila mwenyewe kujua. Sehemu muhimu ya hila hiyo haikuwemo katika msimbo uliowekwa wazi bali katika furushi la kupakua tu, na kiini chake kilifichwa ndani ya mafaili yaliyodaiwa kuwa ya majaribio. Kwa hiyo hata aliyesoma msimbo wa wazi wote asingeukuta ukamilifu wake. Aliyeugundua, Andres Freund, hakuwa akiutafuta: alishangaa tu kwamba kuingia katika seva kulikuwa kukichelewa kwa nusu sekunde hivi, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu. Matoleo hayo yalikuwa hayajaenea bado katika Linux zinazotumika kwa kazi za kawaida. Waliokuwa wakikimbilia mapya ndio walioyapata kwanza.

Hatua kabla ya kuingiza

1. Kulinakili jina kutoka katika ukurasa rasmi wa mradi wenyewe, si kuliandika kwa kukumbuka wala kulichukua katika jibu la akili mnemba. Jina refu kama africastalking hukosewa kirahisi, na kosa la herufi moja ndilo linalomlisha mwizi.
2. Kuangalia umri wa kifurushi, tarehe ya toleo la mwisho na mahali msimbo wake ulipo. Kifurushi kilichosajiliwa majuzi, chenye toleo moja na kisicho na makao yoyote, kiachwe. Idadi ya vipakuliwa peke yake si ushahidi, kwa sababu huweza kupandishwa na mashine.
3. Kujiuliza kama kifurushi kinahitajika kweli. Hapa ndipo wengi huteleza: huvuta kifurushi kizima ili kupanga tarehe au kuondoa nafasi katika namba ya simu, kazi ambayo ingemalizwa kwa mistari mitano. Kila kifurushi kinachoepukwa ni mlango mmoja uliopungua.
4. Kuzuia amri zinazojiendesha, kwa kuandika "npm install --ignore-scripts". Vifurushi vichache vitagoma kufanya kazi, na hivyo vitaruhusiwa kimoja kimoja baada ya kuangaliwa.

Kufunga toleo na kungoja

Ushauri wa sehemu hii ukifuatwa peke yake, na mengine yote yakasahauliwa, bado msomaji atakuwa amejikinga na matukio mengi yaliyotajwa hapo juu.

Katika faili la package.json, linaloorodhesha vifurushi ambavyo mfumo unavihitaji, mara nyingi huonekana mstari kama huu: "debug": "^4.4.1". Alama ile ya kofia iliyo mbele ya namba haikuwekwa kama pambo. Inaiambia npm kwamba toleo 4.4.1 linafaa, na kwamba toleo lolote jipya zaidi, alimradi halijafika 5, linafaa pia. Tarehe 8 Septemba 2025, saa kumi na robo hivi alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, lilitoka debug 4.4.2 lenye msimbo hasidi. Kwa muda wa takriban saa mbili, mtu yeyote aliyekuwa na mstari huo bila faili la kufuli, linaloelezwa hapa chini, akaandika "npm install", aliletewa 4.4.2 bila kuulizwa. Mwenye faili la kufuli aliletewa toleo lake la zamani, akaendelea na kazi bila hata kujua kwamba kuna lililotokea.

Faili la kufuli, ambalo katika npm huitwa package-lock.json, huandika toleo kamili la kila kifurushi pamoja na hashi yake, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo, ambao hubadilika kabisa hata nukta moja ikibadilishwa. Yanayopaswa kufanywa ni haya:

- Faili la kufuli lihifadhiwe pamoja na msimbo, lisifutwe kila linapoleta usumbufu.
- Wakati wa kuweka mfumo katika seva au katika kompyuta ya mteja itumike amri "npm ci", ambayo hufuata kufuli bila kubadilisha kitu, badala ya "npm install".
- Kwa Python, matoleo yaandikwe kwa alama "==" na hashi zake, kisha itumike amri "pip install --require-hashes -r requirements.txt".
- Toleo jipya lingojewe angalau siku 7. Npm ina chaguo la "--before" linalopokea tarehe, na kifaa cha pnpm kina mpangilio wa minimumReleaseAge, unaohesabiwa kwa dakika.

Siku 7 si namba takatifu. Imechaguliwa kwa sababu matoleo mengi mabaya ya vifurushi mashuhuri hugunduliwa kwa saa au siku chache, na anayengoja huwaachia wenye vifaa vya uchunguzi wapite kwanza.

Flashi

Kwa kuwa bando ni ghali na mtandao wa vijijini husuasua, watengenezaji wa wilaya hizi mbili wamezoea kupakua mara moja mjini, kisha wakabeba folda nzima ya node_modules, ambamo npm huweka vifurushi ilivyoingiza, kwa flashi na kupeana. Desturi hii ni ya kindugu, na inaeleweka, lakini ndiyo tundu ambalo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya miji mikubwa haulitaji.

Mkulima wa migomba ameshalipitia jambo hili. Mnyauko wa migomba uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 na kufika Kagera mwaka 2006 ulisambaa kwa kiasi kikubwa kwa chipukizi lililoonekana zima, likatolewa na jirani kwa nia njema, na kwa panga lililotoka shamba moja kwenda jingine bila kupitishwa motoni au katika maji ya Jik. Kilimo cha ndizi hakikuachwa kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni namna ya kuchagua chipukizi na kusafisha panga.

Folda ya node_modules iliyonakiliwa hailinganishwi tena na faili la kufuli, kwa hiyo kilichobadilishwa ndani yake, kwa makusudi au na kirusi cha kompyuta iliyopita, hakitaonekana. Njia iliyo salama ni hii:

1. Kompyuta moja iliyo safi ipakue vifurushi kwa kufuata faili la kufuli.
2. Kinachonakiliwa kwenye flashi kiwe hifadhi ya akiba ya npm, si node_modules. Kwa Python kiwe folda iliyojazwa kwa amri "pip download".
3. Kompyuta inayopokea itumie "npm ci --offline" ikielekezwa kwenye hifadhi hiyo kwa "--cache", au "pip install --no-index --find-links" pamoja na "--require-hashes". Hapo kila kipande hulinganishwa na hashi yake, na kisicholingana hukataliwa.
4. Faili la kufuli lenyewe lisibebwe na flashi ileile; lipitie njia nyingine, kwa mfano barua pepe, kwani ni dogo na halimalizi bando.
5. Kwa faili moja moja kwenye Windows, amri "certutil -hashfile" ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256 hutoa hashi ya kulinganisha na iliyotangazwa na mradi.

Shaka zinazotajwa mara kwa mara

Kwamba hakuna mwizi atakayehangaika na mfumo mdogo wa Kyerwa. Hoja hii ingekuwa na uzito kama mwizi angekuwa anachagua. Shai-Hulud hakuchagua; aliokota kila ufunguo uliokuwa wazi mbele yake, na ufunguo wa ujumbe mfupi wa chama cha Murongo hutuma ujumbe wa kitapeli vilevile kama ule wa benki ya Nairobi, tena ukitumia jina ambalo wakulima wanaliamini.

Kwamba kungoja siku 7 kunapingana na ushauri wa kusasisha haraka. Kuna ukweli hapa. Dosari ya kifurushi cha Log4j iliyotangazwa Desemba 2021 haikuwa hila ya mtu bali kosa, na aliyechelewa kuiziba alijiweka hatarini. Kanuni inayofaa ni kwamba toleo linaloziba dosari iliyotangazwa rasmi liingizwe mapema baada ya kusoma tangazo lake, na lile linaloleta mapya tu lingoje. Amri "npm audit" husaidia kutofautisha, ingawa hulalamika kupita kiasi na haifai kuaminiwa peke yake.

Kwamba programu ya kuua virusi inatosha. Haitoshi, kwani msimbo unaosoma faili la siri na kulituma nje hufanana sana na kazi halali ya mtengenezaji mwenyewe.

Kwamba programu za kulipia ni salama. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sasisho la Orion, bidhaa ya kulipia ya SolarWinds, lilikuwa limechafuliwa, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wamelipokea. Na anayeogopa programu huria huku kompyuta yake ikiendeshwa na Windows iliyovunjwa kufuli kwa programu iliyookotwa mtandaoni anafunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Makosa yanayorudiwa

- Kutumia ufunguo wa malipo wa kweli wakati wa majaribio, ilhali watoa huduma wengi hutoa ufunguo wa mazoezi.
- Kupeleka faili la ".env" pamoja na msimbo kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo.
- Kutumia kompyuta moja kutengeneza mifumo, kufungua akaunti ya benki na kuwaachia watoto wachezee michezo.
- Kubofya kiungo cha barua pepe inayohimiza kusasisha uthibitisho wa akaunti ndani ya saa 48. Hata mtunzaji wa chalk, mtu mzoefu, alinaswa kwa namna hii. Ukurasa wa akaunti ufunguliwe kwa kuandika anwani yenyewe.

Ikishabainika kwamba kifurushi kibaya kimeingia

Kukifuta hakutoshi, kwa kuwa kilichoibwa kimeshaondoka. Mpangilio wa hatua una uzito kuliko kasi:

1. Kompyuta iondolewe kwenye mtandao, lakini isifutwe bado, ili ushahidi ubaki.
2. Kwa kutumia kompyuta nyingine iliyo safi, funguo na manenosiri yote yaliyokuwemo yabatilishwe na kutolewa mapya, yakianza ya malipo, kisha ya seva, kisha ya GitHub na npm. Anayebadilisha nenosiri ndani ya kompyuta iliyoathirika humkabidhi mwizi jipya.
3. Akaunti ya GitHub ikaguliwe kama kuna hifadhi ambazo mwenyewe hakuziunda; Shai-Hulud aliweka siri alizoziiba hadharani katika hifadhi zilizobeba jina lake.
4. Wenye mfumo waambiwe, hata kama inaaibisha. Ikiwa taarifa za wakulima, wanafunzi au wagonjwa zimeguswa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ijulishwe. Tukio lenyewe huripotiwa kwa TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).
5. Mashine isafishwe kwa kuwekewa mfumo upya, na kazi irejeshwe kutoka katika nakala ya kabla ya tukio.

Mzigo huu haupaswi kubebwa na kijana mmoja anayelipwa mara moja na kusahauliwa. Bodi za vyama vya msingi, wakuu wa shule na wenye maduka ya dawa wanaombwa wasilipe awamu ya mwisho ya fedha za mfumo kabla ya kukabidhiwa mambo matatu: orodha ya vifurushi vilivyotumika pamoja na faili lake la kufuli, funguo zote zikiwa zimesajiliwa kwa jina la taasisi na si la mtengenezaji, na makubaliano ya maandishi kuhusu nani atakayesasisha vifurushi hivyo msimu ujao wa kahawa, na kwa malipo gani.